Karura ya kati, Sigiria au Ngong Road: umpeleke mbwa wako msitu gani?

Mwenye mbwa anayeishi Nairobi hana haja ya kusafiri mbali kutafuta msitu. Jiji lina misitu miwili mikubwa ya hifadhi, kila mmoja ukiwa na zaidi ya hekta 1,000: Karura upande wa kaskazini, na Ngong Road upande wa kusini magharibi. Yote miwili ilitangazwa rasmi mwaka 1932, yote iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na yote unaweza kutembea na mbwa mradi awe kwenye kamba. Mbuga ya Nairobi iondoe kabisa kwenye hesabu. Mbuga za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori (KWS) haziruhusu wanyama wa kufugwa.

Kwa takwimu hizo peke yake utadhani misitu hii ni mapacha. Kwa anayeshika kamba, tofauti ni kubwa, na kwa kweli mahali pa kuchagua ni patatu. Limuru Road inaikata Karura: mashariki mwa barabara kuna sehemu kubwa ya kati, yenye maporomoko na mapango ambayo watu wengi huyafuata, magharibi kuna Sigiria, ndogo zaidi na tulivu zaidi. Nitalinganisha sehemu hizo mbili na Ngong Road, na msimamo wangu nautoa mapema: mbwa wengi wa Nairobi waanze Sigiria.

Mbwa wa nyuma ya geti

Sababu iko kwenye jinsi tunavyofuga. Mbwa wengi wa jiji hili wamekulia ndani ya ua. Mchana wako bandani, usiku wanafunguliwa walinde boma. Wanawajua watu wa nyumba, askari wa getini, na labda anayeleta maziwa. Kila mtu mwingine ni mgeni, na mgeni hubwekewa. Hiyo ndiyo kazi tuliyowapa, nao wanaifanya vizuri. Halafu Jumamosi moja tunawapakia garini, tunawashusha mahali ambapo wageni wanapita makundi kwa makundi wakikimbia, na tunategemea watulie.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza msitu upi una mandhari nzuri. Jiulize mbwa wako hufanya nini akimwona mtu asiyemjua akija kwa kasi. Mjaribu mtaani wiki chache kabla, kwa kamba fupi, saa ambazo kuna wapita njia wachache. Akimtazama mtu kisha akageuka kukutazama wewe, mbwa huyo anaweza kwenda karibu popote. Akivuta na kubweka lakini bado anasikia jina lake, Sigiria itamfaa. Akisimamisha manyoya ya mgongoni, akakaza mwili na asikusikie hata umwite mara ngapi, msitu usubiri. Mtembeze mtaani alfajiri mpaka azoee kwamba si kila mtu barabarani ni mwizi. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi, na hakuna aibu ndani yake.

Ukubwa wa mbwa hausaidii sana kuamua. Nimewaona Boerboel wakipita katikati ya kundi la watoto bila kugeuza shingo, na vimbwa vidogo vya mapajani vikitaka kumrarua kila mwendesha baiskeli. Wala aina yake haiamui. Mbwa wa kienyeji aliyezoea kuzurura mtaani mara nyingi ana adabu kuliko Alsatian wa bei aliyefungiwa tangu utotoni, kwa sababu yule wa kwanza amekutana na dunia.

Karura ya kati

Hii ndiyo Karura ambayo watu huimaanisha wakisema "twende Karura". Maporomoko ya Mto Karura yako huku. Mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau yako huku. Kuna ziwa dogo la mayungiyungi, kuna mianzi, kuna mgahawa karibu na lango la Limuru Road, na nyasi zilizofyekwa ambapo familia hutandika shuka na kula. Karura nzima ina zaidi ya kilomita 50 za njia, na nyingi ziko sehemu hii. Kwenye njia panda kuna vigingi vyenye namba zinazolingana na ramani, hivyo ni vigumu kupotea kwa muda mrefu.

Uzuri huohuo ndio tatizo. Wikendi kuanzia saa mbili asubuhi, njia za kuelekea maporomoko hujaa. Kuna wakimbiaji wanaokuja kwa nyuma bila sauti. Kuna baiskeli, ambazo kwa mbwa wengi ni jambo gumu kuliko yote: ziko kimya, zina kasi, na zinatokea ghafla kwenye kona. Kuna watoto wanaomkimbilia mbwa wamkumbatie kabla mzazi hajasema neno. Kuna mbwa wengine, na mahali pembamba hamna pa kupishana kwa nafasi. Mbwa mtulivu anayependa watu atafurahi kupita kiasi. Aliyekulia nyuma ya geti atachoka akili kabla hajachoka miguu, na mbwa aliyechoka akili ndiye anayeuma.

Ukiitaka Karura ya kati na mbwa wako bado anajifunza, inawezekana, mradi uchague saa. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya kazi, saa hiyo, ingia kwa upande wa Kiambu Road badala ya Limuru Road, na msitu utakuwa wenu kwa muda mzuri. Kuna ubaridi, umande uko kwenye majani, na mbwa ananusa harufu za usiku mzima. Kwa mbwa, kunusa ni nusu ya matembezi au zaidi. Mpe nafasi asimame. Kilomita tatu za kunusa zinamtuliza kuliko kilomita nane za kuburutwa.

Mapangoni sishauri kuingia na mbwa. Mna popo, sakafu inateleza, na ni mahali panapostahili heshima yake: watu walijificha humo wakipigania nchi. Mfungeni mahali pa kivuli mmoja wenu abaki naye, kisha mbadilishane.

Na kuhusu heshima, niseme jambo ambalo linanigusa. Karura ilikaribia kupotea. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili wajenge. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda mti, walishambuliwa na yeye akapigwa kichwani hadi akatokwa na damu. Miaka mingi baadaye bado watu waliuogopa msitu huu kwa sababu ya majambazi. Ni baada ya jumuiya ya Friends of Karura Forest kushirikiana na KFS, kuweka ua wa umeme na kuwaajiri walinzi, ndipo mama na watoto walipoanza kuingia bila hofu. Kila mwenye mbwa anayeacha kinyesi njiani au kumfungua mbwa kamba anawapa hoja wale wanaotaka mbwa wapigwe marufuku. Beba mifuko, okota, funga, na utembee nayo hadi kwenye pipa. Kuutundika mfuko kwenye tawi "nitaupitia nikirudi" si kuokota.

Sigiria

Maelezo ya Sigiria ni mafupi kwa sababu haina vivutio vingi, na hilo ndilo linaloifanya ifae. Hakuna maporomoko ya kupiga picha. Watu wanaokuja ni wakazi wa karibu, wakimbiaji wachache na wenye mbwa wenzako, ambao wanajua kuvuta mbwa pembeni mkikutana. Baiskeli zipo lakini si kwa wingi uleule. Njia ni za mizunguko mifupi, kwa hiyo mambo yakiharibika hauko mbali na gari. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Siku ya kwanza ya mbwa msituni, robo tatu ya saa inatosha. Ondoka angali na furaha, si baada ya kuzidiwa.

Kwa mbwa mzee mwenye maungo yanayouma, kwa mtoto wa mbwa aliyemaliza chanjo zake, kwa mbwa mwenye pua fupi kama Bulldog au Pug anayehema vibaya kukiwa na joto, Sigiria inashinda bila ubishi. Kasoro yake ni kwamba mbwa mwenye nguvu nyingi na mmiliki anayependa kutembea kwa muda wa saa tatu watazimaliza njia zake mapema na kuanza kurudia.

Ngong Road

Msitu huu umekatwa sana. Ulipotangazwa ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyo sasa. Makazi, shule, uwanja wa mbio za farasi na barabara vimechukua sehemu yake. Southern Bypass inapita katikati. Lakini sehemu zilizobaki, hasa upande wa Miotoni karibu na Karen, bado zina miti ya kiasili iliyoshikana, na kwa mtu anayetaka kuhisi kwamba kweli yuko porini, Ngong Road inampa zaidi kuliko Karura. Wageni ni wachache. Unaweza kutembea muda mrefu bila kusikia ila ndege na, kwa mbali, magari ya bypass.

Upweke huo una bei. Kwanza ni usalama wa watu. Usiende peke yako na mbwa ukidhani mbwa anatosha kuwa ulinzi. Nenda na kundi, ingia kwenye lango rasmi, na uliza walinzi wa msitu njia zipi zinafaa siku hiyo. Unaweza kuomba mmoja akusindikize. Pili ni wanyama. Mbuga ya Nairobi haiko mbali, na upande huo wa jiji chui na fisi huonekana mara kwa mara. Chui hupenda mbwa, kwa maana mbaya. Mchana, mkiwa kundi na mbwa wakiwa kwenye kamba, hatari ni ndogo. Jioni na alfajiri ya giza, msiwe huko. Tatu ni farasi. Waendesha farasi wa Karen na Racecourse hutumia njia hizo, na farasi akishtuka, anayeumia kwanza ni aliye mgongoni. Ukisikia kwato, toka njiani, mkalishe mbwa upande wa pili wako, na mzungumzie kwa sauti ya chini mpaka farasi apite.

Msitu huu nampendekezea mwenye mbwa mwenye nguvu, anayetii, ambaye tayari ameizoea Karura. Kwa mara ya kwanza, hapana.

Akikuponyoka

Hapa ndipo tofauti kati ya misitu inapoonekana wazi. Karura ina ua wa umeme. Mbwa akiponyoka, uwezekano mkubwa ni kwamba atabaki ndani, ingawa akiugusa ua ataumia na kuzidi kukimbia kwa hofu. Toa taarifa kwa walinzi mara moja, taja namba ya kigingi kilicho karibu nawe, kisha rudi mahali alipokuacha na ukae hapo. Mbwa wengi hurudi kwa kufuata harufu mpaka mahali walipoachana na mwenyewe. Ukizunguka msitu mzima ukimwita, unasambaza harufu yako kila mahali na kumchanganya. Acha shati ulilovaa chini kama ni lazima uondoke.

Ngong Road mambo ni mengine. Akifika bypass, magari yanakwenda kasi na hayasimami kwa ajili ya mbwa. Kwa sababu hiyo pekee, vifaa vya Ngong Road lazima viwe bora: mkanda wa kifuani unaombana vizuri, na juu yake mkanda wa shingoni wenye kibao cha namba ya simu, kamba ikiwa imeshikishwa kwenye vyote viwili. Mbwa wengi walioponyoka hawakukata kamba. Walirudi kinyumenyume, kichwa kikachomoka kwenye mkanda wa shingoni. Alsatian wana kichwa chembamba na shingo yenye manyoya, hao ndio mabingwa wa kuchomoka. Kamba ya mita mbili inatosha popote. Zile zinazojivuta zenyewe hadi mita tano ziache nyumbani. Kwenye njia yenye baiskeli ni mtego.

Kima, paa na vinginevyo

Karura ina kima wengi, na waliozoea mahali pa kulia chakula hawaogopi watu. Watamwona mbwa wako kama adui na kumpigia kelele kutoka juu ya mti hadi apandwe na wazimu. Usimwache awafuate. Kima dume ana meno marefu na anajua kuyatumia. Mbega weusi kwa weupe, ambao walirudishwa Karura kutoka Kipipiri baada ya kutoweka, hukaa juu zaidi na hawana shida na mtu. Wanaohitaji ulinzi ni paa wadogo, akiwemo suni ambaye ni mdogo kuliko mbwa wengi. Hujibanza kwenye kichaka bila kutikisika, kisha huchomoka miguuni pako. Mbwa yeyote, hata mwenye adabu, atataka kumfukuza. Paa anayekimbizwa anaweza kufa kwa mshtuko hata asiposhikwa. Kanuni ya kamba ipo kwa ajili yake kuliko kwa ajili yetu. Pongo dume naye ana pembe, na akibanwa hukabili.

Mvua, maji na joto

Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hubadilisha ulinganisho. Udongo mwekundu wa Karura hunata na kuteleza, ila njia kuu hukauka upesi kwa kuwa zinatunzwa. Njia za ndani za Ngong Road hubaki na matope kwa siku nyingi. Siafu pia hutoka. Ukiona mstari mweusi unakatiza njia, mruke wewe na mbwa wako kwa pamoja, usimsimamishe hapo anuse. Wakimpanda, wang'oe mmoja mmoja, ukianzia katikati ya vidole na kwapani. Maji peke yake hayawatoi.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Mito inayopita Karura, kama Ruaka, Gitathuru na Karura yenyewe, inapitia mitaani kabla ya kufika msituni, na maji ya jiji si ya kuaminika. Mkojo wa panya kwenye maji yaliyotuama huleta leptospirosis, ugonjwa unaoharibu ini na figo na unaompata binadamu pia. Chanjo yake ipo, imuulizie daktari wa mifugo. Kwa mbwa wa kilo ishirini, lita moja kwa saa mbili na bakuli la kukunjwa vinatosha. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Akihema kwa ulimi uliotanuka, mate yakawa mazito na miguu ikaanza kuyumba, lowesha tumbo na nyayo zake, mpepee, na mpeleke kwa daktari.

Kufika, kulipa na karatasi

Makanga wengi watakukatalia ukiwa na mbwa, kwa hiyo matatu isahau. Kwa teksi, mpigie dereva kabla hajafika umweleze, na beba shuka la kiti. Malangoni malipo ni kwa simu, si fedha taslimu. Hakikisha simu ina chaji na salio. Weka pia picha ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye simu hiyohiyo. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya kila mwaka ndiyo silaha kuu. Mbwa wako akimkwaruza au kumuuma mtu, hata kidogo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa na kadi, unampunguzia hofu. Jike aliye kwenye joto la kutaka dume abaki nyumbani, popote ulipopanga kwenda.

Jioni ya siku hiyo

Kupe wako sehemu zote tatu, wengi zaidi kwenye nyasi ndefu za pembezoni kuliko chini ya miti mikubwa. Kwa hiyo Ngong Road, yenye njia nyembamba zisizofyekwa sana, utatoka nao wengi kuliko Sigiria. Dawa ya kila mwezi ni ya lazima kwa mbwa anayetembea msituni, lakini haiondoi kazi ya mikono. Mkague kabla hajalala: ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingoni, kwapani, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe anahitaji muda mrefu akiwa amejishikiza ndipo aambukize babesia, vijidudu vinavyoharibu damu, kwa hiyo anayetolewa jioni ileile mara nyingi bado hajaviambukiza. Mshike karibu na ngozi kwa koleo ndogo, vuta polepole moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta taa.

Kwa wiki tatu zinazofuata, mwangalie. Mbwa akikataa chakula, fizi zikapauka, akatokwa na damu puani, au mkojo ukageuka wa kahawia, usingoje hadi Jumatatu. Mpeleke kwa daktari, na mwambie tarehe mliyotembea na msitu mliokuwa.